Miaka sita na mkalamu

Kiwanja kile cha Kibada, huku kwetu Kigamboni, Dar es Salaam, kilikuwa kinasafishwa. Vijana watatu wenye mapanga walikuwa wameshaangusha nusu ya kichaka, na moshi wa majani mabichi ulitanda mpaka barabarani. Ilikuwa Aprili 2019, masika yamekolea, nami natoka sokoni narudi nyumbani. Ndipo nikaliona ua lenyewe: jekundu, manjano huko chini kwenye shina la petali, petali sita zimepinda kwenda juu kama ndimi za moto, linaning'inia kwenye kijiti cha mchongoma. Halikuwa peke yake. Mmea ulikuwa umepanda kupita kimo changu, una maua saba au nane, mengine bado kijani.

Niliwaomba wale vijana waniachie ile pembe. Mmoja akasema, "Chukua tu mama, hapa kesho kutwa panachimbwa msingi." Akaniazima panga lake.

Kila nilichofanya siku ile kilikuwa kosa, na nayaeleza makosa hayo yote kwa sababu najua wapo wanaoliona ua hili wakati huu wa mvua, Kigamboni, Pugu, Chanika, hata kwenye ua wa mtu Mbezi, na mkono unawawasha kama ulivyoniwasha mimi. Nilivuta shina, likakatika. Shina la mmea huu ni laini, limejaa maji, huvunjika kama bamia changa. Nikachimba upande mmoja tu, nikagusa kiazi chembamba cheupe, nacho kikakatika katikati. Nilichopata nikakitia kwenye ndoo ya rangi, nikajaza samadi mbichi, nikamwagilia asubuhi na jioni. Siku ya tano ulikuwa umelala chini. Siku ya kumi ukawa mweusi.

Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Tangu daraja la Kigamboni lifunguliwe mwaka 2016, upande wetu huu umebadilika haraka, vichaka vinaisha kiwanja kwa kiwanja. Sina ugomvi na wanaojenga, mimi mwenyewe naishi kwenye nyumba iliyosimama palipokuwa kichaka. Lakini nilikuwa nimekiua kitu ambacho nilidhani nakiokoa.

Jirani yetu wa upande wa Mjimwema ni bibi wa Kizaramo, mtu mzima sana, anayejua kila jani la pwani hii. Nikaenda kumuona.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimesikia unatafuta mkalamu. Una mgonjwa?"

"Sina mgonjwa bibi. Nataka ua lake."

Akanyamaza kidogo, akaendelea kupeta mchele wake. Kisha akasema, "Ua lake la kutazama. Kiazi chake usikiingize jikoni. Na usiuchimbe ukiwa macho. Ngoja ulale."

Hapo ndipo nilipojifunza jina, mkalamu, na hapo ndipo nilipopewa somo zima kwa sentensi nne. Ilinichukua zaidi ya mwaka mmoja kuzielewa.

Kulala kwa mkalamu ni hivi. Mmea huchipua mvua zinaposhika, hupanda, huchanua, na mvua zikikatika majani hugeuka manjano, shina hukauka na kupotea kabisa juu ya ardhi. Wakati wa kipupwe ukipita pale ulipoona maua, hutaona kitu. Mtu asiyejua atasema umekufa. Chini kiazi kiko hai, kimehifadhi chakula chote, kinangoja. Ukiuchimba ukiwa na maua, unakata kamba kati ya majani yanayopika na kiazi kinachowekewa akiba. Ndiyo maana ule wa kwanza ulikufa. Haukuwa na akiba ya kuanzia upya, na mimi nilikuwa nimeshakikata kiazi chake.

Mwaka ule ule nilipata mwingine karibu na njia ya kwenda Gezaulole, kwenye kiwanja kilichokwisha wekewa vigingi. Niliomba ruhusa kwa mwenyewe, nikafunga kipande cha kanga chakavu kwenye mzizi wa mchongoma uliokuwa jirani nao, nikarudi zangu. Mwishoni mwa Agosti nikaenda na jembe dogo. Juu hapakuwa na chochote ila kile kitambaa. Nikachimba kwa kuzunguka, mbali na katikati, taratibu, nikaufuta udongo kwa vidole.

Kiazi cha mkalamu kina umbo la kipekee. Kina mikono miwili inayoachana kama herufi V, mirefu, myembamba kama kidole cha mtu au zaidi, ngozi yake ya kahawia hafifu. Kila mwaka kiazi cha zamani hunyauka na kuacha vipya viwili mahali pake. Jambo la kushika ni hili: jicho liko kwenye ncha ya mkono tu. Kiazi ulaya kina macho mengi mwilini, hiki hakina. Ncha ikivunjika, hata kama mkono uliobaki ni mnene na mzima, hautachipua. Ukitaka kugawa, achanisha ile mikono miwili pale inapoungana, kila mmoja na ncha yake, uache kidonda kikauke kivulini siku mbili tatu kabla ya kupanda.

Nikapanda minne ndani ya ndoo mbili za lita 20, zilizotobolewa matundu chini. Udongo nilichanganya mchanga wa bondeni mafungu mawili na mboji ya majani fungu moja. Usichukue mchanga wa ufukweni, una chumvi. Mikono unailaza, huisimamishi, kwenye kina cha vidole vinne, na ile ncha unaielekeza juu kidogo. Hapo nilifanya sawa.

Kosa lilikuja baadaye. Niliona ndoo kavu, jua kali, nikaona huruma. Nikawa namwagilia. Kila nikimaliza kuosha vyombo, maji ya mwisho yanakwenda kwenye ndoo moja, iliyokuwa karibu na mlango. Ile nyingine ilikuwa nyuma ya tangi, naisahau. Novemba mvua za vuli zikaanza. Ndoo ya nyuma ya tangi ikatoa chipukizi moja, baada ya wiki likafuata la pili. Ndoo ya mlangoni kimya. Nikafukua: viazi vyote viwili vimegeuka uji, harufu mbaya. Nilikuwa nimeviozesha kwa kuvihurumia.

Tangu hapo, majani yakishakauka, ndoo zinaingia chini ya paa la baraza na hazigusi tone la maji mpaka mvua zenyewe zije. Watu wengi huniambia haiwezekani, mmea gani hauhitaji maji miezi mitatu, minne. Mimi huwaonyesha ndoo.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike haya kwa uzito, maana maua peke yake nisingeyatolea maneno mengi hivi.

Mwaka 2020, Septemba, nilikuwa nimechimbua viazi vyangu ili nibadilishe udongo. Vilikuwa sita. Nikavitia kwenye kikapu na majivu kidogo, nikakiweka kikapu kwenye rafu ya jikoni, kwa sababu pale ni pakavu. Bibi alikuwa ameniambia nisivilete jikoni. Nilidhani anasema nisivile, na mimi sikuwa na nia ya kuvila. Jioni narudi, namkuta wifi yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka bara, ameshaosha viazi vitamu vya chakula cha usiku, na juu ya viazi vitamu, ndani ya sufuria ile ile, mikono mitatu ya mkalamu imemenywa vizuri, mieupe, inafanana kabisa na kiazi. Jiko la mkaa limeshawaka. Watoto wangu wawili wako mkekani wanasubiri.

Nilimwaga sufuria lote, na viazi vitamu vyake, nikachimba shimo. Nikasugua sufuria, nikasugua kisu na ubao, nikamwomba wifi yangu anawe mikono mara tatu. Naye akalia, na mimi nikalia. Kosa lilikuwa langu, si lake.

Wiki iliyofuata nikapeleka picha za mmea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kwa mwalimu mmoja wa botania niliyeelekezwa na rafiki. Akaniandikia jina la kisayansi, Gloriosa superba, lililotolewa na Carl Linnaeus mwaka 1753. Akanieleza kuwa mmea huu huu unaota sehemu nyingi za Afrika na Asia, kwamba ndio ua la taifa la Zimbabwe, na kwamba kule India jimbo la Tamil Nadu limeufanya ua lake rasmi na wakulima wanaulima mashambani kwa ajili ya mbegu. Mbegu hizo zinatolewa kolkisini, dawa ambayo hospitalini hutumika kwa wagonjwa wa jongo, wenyewe tunasema gauti. Dawa hiyo hupimwa kwa vipimo vidogo sana, na kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru hakuna nafasi kubwa. Kwenye mmea imo kila mahali, majani, shina, ua, lakini zaidi kwenye kiazi na mbegu. Kuchemsha hakuiondoi. Sri Lanka watu wamekufa kwa kula viazi hivi wakidhani ni chakula.

Nilipomsimulia habari ya sufuria alikaa kimya muda. Kisha akanieleza dalili, nami naziweka hapa kama nilivyozielewa. Mtu aliyekula huenda asijisikie chochote kwa saa kadhaa za mwanzo. Baadaye huja ganzi au kuungua mdomoni na kooni, kutapika, kuharisha sana, tumbo kuuma. Anaweza kuonekana amepata nafuu, kumbe sumu inaendelea ndani, inashika figo, ini, damu. Akinusurika, nywele hunyonyoka baada ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo usingoje dalili. Ukijua mtu amekula, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na chukua kipande cha mmea mkononi ili daktari aone. Mbuzi na ng'ombe nao hufa wakila.

Niliporudi nilimwendea bibi nikamwomba radhi. Akasema, "Mwanangu, nilikwambia jikoni. Sikukwambia tumboni." Neno lenyewe lilikuwa limetosha tangu mwanzo. Wazee wa pwani hawasemi neno la ziada, na mimi nilisikiliza nusu.

Kuanzia siku ile viazi vyangu vinalala kwenye udongo wao, ndani ya ndoo, havitoki isipokuwa siku ya kugawa. Siku hiyo navaa glovu, na kinachobaki kinakaa kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, limeandikwa SUMU kwa rangi nyekundu, kwenye stoo ya nje yenye kufuli. Ndoo zimezungushiwa wavu wa kuku. Na watoto wangu nimewafundisha jina lake na habari yake, kwa sababu ukificha kitu kizuri hivyo, mtoto atakifuata. Kama una mtoto anayetambaa, au mbuzi wanaozurura uani, nakuomba usipande. Subiri mtoto akue.

Mwenye nafasi salama, basi ajue raha yake.

Chipukizi hutoka ardhini limenyooka, lina ncha kali, kijani kibichi, ukiliona ni kalamu tupu. Mimi hulitazama kila mwaka nikilikumbuka jina. Wiki hiyo ya kwanza ndiyo ya hatari, kwa sababu ya konokono. Mwaka 2021 konokono mmoja alinikatia ncha mbili usiku mmoja, na mashina yale hayakuendelea tena, mwaka ukawa umekwenda. Sasa nazungusha majivu makavu kila jioni kama hakuna mvua, na kukiwa na mvua natoka na tochi nawaokota mmoja mmoja.

Likifika kimo cha goti linatafuta pa kushika. Mkalamu haujizungushi kama maharage. Unashika kwa ncha za majani. Kila jani limechongoka mwisho na ile ncha inajikunja kama mkia wa kinyonga, ikigusa kitu chembamba inakizunguka. Nilikosea mwanzoni kwa kuusimamishia nguzo nene ya mkoko. Majani yalipapasa hayakuona pa kushika, shina likaanguka na upepo wa kusi. Unahitaji kitu chembamba: fito za upana wa kalamu, matawi ya mchongoma, au, kama ninavyofanya sasa, vipande vya nyavu chakavu za wavuvi. Ukienda Feri, kwenye soko la samaki, asubuhi utapata mtu wa kukupa kipande kwa bei ndogo sana. Nimezitundika kutoka kwenye boriti ya baraza mpaka chini, na mkalamu unapanda mita mbili, hata zaidi.

Kuhusu jua: miguu kivulini, kichwa juani. Ndoo za lita 20 zikipigwa na jua la mchana la Dar es Salaam udongo unapikika. Mimi nimeziegesha nyuma ya ukuta mfupi wa matofali, shina linatokeza juu ya ukuta na kulipata jua huko. Maji, mmea ukiwa macho, usiukatie. Siku ambazo masika yanapumzika unamwagilia asubuhi, na matundu ya chini yawe wazi.

Kama wiki saba au nane baada ya kuchipua, matumba yanatoka. Ua huanza kijani, linaangalia chini, kisha petali zinapinda kwenda juu moja moja, kingo zake zikiwa na mawimbi, manjano yanapanda kutoka chini na nyekundu inashuka kutoka juu, mpaka mwisho linakuwa jekundu lote. Siku kumi hivi ua moja linabadilika mbele ya macho yako. Kwa hiyo kwenye mmea mmoja unakuwa na kijani, manjano na nyekundu kwa wakati mmoja. Nimekaa na kiti changu pale alfajiri nyingi kabla ya foleni ya pantoni kuniita.

Miaka mitatu sikupata mbegu. Maua yalianguka matupu. Nilipochunguza ua lenyewe nikaelewa. Zile stameni sita, yaani vijiti vyenye chavua, zimetandazwa kwenda nje kama vijiti vya mwavuli, na ule mrija wa kike umepindia upande mmoja, mbali nazo, kana kwamba unakwepa. Chavua haiangukii pale kirahisi. Porini vipepeo wanapita na kuigusa, lakini baraza langu lina vipepeo wachache. Nikachukua unyoya wa kuku, nikagusa chavua ya ua la mmea mmoja, nikapaka kwenye ncha ile iliyopinda ya ua la mmea mwingine, asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Maua matano niliyopaka, matatu yalishika. Ganda la mbegu huwa kijani, refu kama kidole gumba, likikauka linapasuka sehemu tatu na ndani kuna mbegu nyekundu zinazong'aa. Zinavutia macho ya mtoto kuliko pipi. Mimi hufunga kila ganda kwa kitambaa cha chandarua kabla halijapasuka, ili isianguke hata moja.

Mbegu inataka subira. Niliziloweka usiku kucha, nikazipanda kwenye viriba vyenye mchanga na mboji. Ya kwanza ilichipua baada ya wiki tano, ya mwisho baada ya miezi mitatu. Mwaka wa kwanza zilitoa majani machache tu, na chini kiazi kidogo kama punje ya kunde. Zikalala. Mwaka wa pili zikapanda hadi magotini, zikalala. Mwaka wa tatu mbili kati yake zikachanua. Anayetaka ua mapema atumie kiazi. Lakini miche ya mbegu nimeipenda zaidi, kwa sababu hakuna kichaka kilichopungua ili niipate.

Hilo nalishikilia. Siendi kuchimba msitu wa Pugu, wala mahali ambapo mmea una amani yake. Nachukua palipowekwa vigingi tu, kwa ruhusa, na kama kiazi kina mikono miwili na pana pembe ya kiwanja isiyojengwa, narudisha mmoja kwenye pembe hiyo.

Juni mwaka huu, maua yakiwa katika nguvu zake, alinijia mama mmoja aliyehamia karibuni. Nyumba yake ndiyo ile iliyojengwa kwenye kiwanja nilichoanzia, sasa kina ukuta na geti la bluu. Hakujua. Nilimwonyesha kwa mkono pale palipokuwa na mchongoma, sasa kuna karo la kufulia. Akasema anataka mmoja, tena leo hii, mumewe anasubiri kwenye gari, watauweka getini.

Nikamuuliza kama ana watoto wadogo. Wakubwa, wote sekondari. Nikamuuliza kama ana mbuzi. Hana. Nikamweleza habari ya kiazi yote, na ya sufuria, sikuficha. Kisha nikachana kipande cha kanga, nikampa afunge mwenyewe kwenye shina analolitaka.

"Njoo Agosti mwishoni," nikamwambia. "Utakuta pamekauka, hakuna kitu. Usishtuke, kitambaa chako kitakuwepo."

Nilidhani atasahau. Tarehe 30 Agosti aligonga mlango saa moja asubuhi, ana ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, na glovu ameshazivaa.